Sethi Hakuitwa Habili

Masomo: Mwanzo 4:25, Ayubu 1:1-3 na 42:10-17, 1 Wakorintho 15:35-38



Mwezi uliopita, kwenye ibada ya vijana ya Ijumaa, tulizungusha kikapu cha maswali. Kila kijana aliandika swali lake kwenye kijikaratasi bila kutaja jina, nami nikawa nachomoa moja moja na kujibu. Mengi mnayajua: uchumba, simu, miziki, kama kubeti ni dhambi hata ukitoa fungu la kumi. Halafu nikachomoa kimoja kilichoandikwa kwa penseli: "Pasta, mtu akiwa kloni ya mtu mwingine, anakuwa na roho yake mwenyewe, au anatumia ya yule wa kwanza?"

Vijana wakacheka. Wale wa kidato cha nne wakanieleza kwamba hayo ni mambo ya darasani, kwenye somo la bayolojia. Wakaanza kunitajia jeni hii na jeni ile, na mama mmoja wa maombi aliyekuwa akipanga viti nyuma akasikia "jini", akaanza kukemea papo hapo. Tulicheka mpaka machozi. Lakini niseme ukweli, mama yule hayuko peke yake. Kuna wazazi walionijia na kitabu cha mtoto mkononi, wakiuliza kama mtoto atoke nje somo hilo likifundishwa.

Mimi nilisomea biashara, si bayolojia, na biashara ilinifunza kumhudumia mteja haraka ili foleni isogee. Nikajibu kwa dakika mbili. Nikasema kloni ni kama pacha aliyechelewa kuzaliwa. Mapacha wa kufanana wametoka kwenye yai moja, na kila mmoja ana roho yake, dhambi zake na wokovu wake. Basi na kloni, kama angekuwapo, angekuwa na roho yake mwenyewe kutoka kwa Mungu. Amina? Amina. Swali lingine.

Baada ya ibada kijana mmoja alibaki, akijifanya anakunja nyaya za spika. Akaniambia, "Pasta, lile swali la kloni lilikuwa langu, na hukulijibu."

Nikamwambia, "Si nimelijibu?"

"Umejibu la kitabu."

Kabla sijaendelea, mjue kwamba kijana huyu na mamake wamesoma makala haya kabla hayajachapwa, na wameniruhusu. Majina yao nayaacha, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha.

Muhogo chini ya mbuyu

Jumamosi jioni tulishuka mpaka Mama Ngina, tukaketi chini ya mbuyu na muhogo wa kuchoma, pilipili na ndimu. Nilidhani mimi ndiye ninayekwenda kumfundisha. Kumbe ni yeye.

"Pasta," akasema, "huo muhogo unaokula ni kloni."

Nikaacha kutafuna. Akanieleza kama mwalimu. Mkulima wa muhogo hapandi mbegu. Anakata shina la muhogo uliokomaa vipande vipande, anachomeka ardhini, na kila kijiti kinaota. Unaoota si mtoto wa ule muhogo wa kwanza. Ni muhogo ule ule, jeni zile zile, umeendelezwa tu. Mgomba ni vivyo hivyo. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda, kwa hiyo mkulima anang'oa chipukizi pembeni mwa mgomba na kulihamisha. Sisi kwa mazoea tunaliita mtoto wa mgomba, lakini kwa bayolojia ni mgomba wenyewe. Hata mwembe wa kupandikiza ni hivyo hivyo: unakata kikonyo cha mwembe mtamu, unakifunga juu ya shina la mche mwingine, na kikishika utakula embe lile lile la mti wa kwanza. Maabara haikuanzisha jambo hili. Imelipeleka mbele tu. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa Kenya wamekuwa wakipata miche ya migomba iliyokuzwa kwenye chupa kutokana na kipande kidogo sana cha mgomba, na chuo kikuu cha JKUAT kule Juja kimekuwa kikiikuza na kuiuza. Faida yake ni kwamba mche unatoka safi, bila magonjwa na minyoo ya shamba la zamani.

Nikamwambia, "Basi wazazi wetu wanaogopa kitu wanachokila kila siku."

Hakucheka. Akakaa kimya, akitazama meli moja kubwa iliyokuwa ikiingia Kilindini. Kisha akasema, "Pasta, mimi nyumbani ni kijiti."

Nami nikaelewa.

Miaka miwili iliyopita kaka yake alizama baharini. Alikuwa kidato cha nne, mkali wa hesabu, na ndoto yake ilikuwa kusomea uhandisi wa meli. Wengi wenu mnamkumbuka. Tulilia naye kanisa zima. Huyu mdogo wakati ule alikuwa kidato cha pili. Tangu siku hiyo anavaa mashati ya shule ya kaka yake, na kwenye kola jina la marehemu limeandikwa kwa wino. Analala upande wa kitanda wa kaka yake. Alipofika wakati wa kuchagua masomo, mamake alichagua yale ya kaka. Yeye fizikia haimwingii. Anachopenda ni kuchora. Amejaza daftari mbili za milango ya nakshi ya Mji wa Kale, kutoka Ndia Kuu mpaka karibu na Fort Jesus, na daftari zile anazificha. Mamake akimwita, mara nyingine ulimi unateleza, anamwita kwa jina la kaka. Yeye anaitika.

"Nilipofika kwenye ile sura ya kloni," akaniambia, "nikasema, kumbe kuna jina lake."

Wapendwa, hapo ningeweza kusema kwamba mama yule amekosea, nikamaliza. Lakini kijana akanikumbusha jambo lingine. Siku ya maziko, aliyesoma Neno kaburini ni mimi. Na baada ya maombi nilimshika kijana huyu begani, mtoto wa miaka kumi na tano analia, nikamwambia mbele za watu: "Sasa wewe ndiye wa kushika nafasi ya kaka yako." Watu wakasema amina. Nilidhani namtia moyo. Mamake alifanya tu lile ambalo mchungaji alikuwa ametangaza.

Sikulala vizuri usiku ule. Jumatatu nikaanza kusoma juu ya kloni, kwa sababu niliona swali la kitabu na swali la nyumbani ni swali moja.

Kondoo, paka na fahali

Ni vyema vijana wajue kwamba kanisa lao haliogopi somo hili, kwa hiyo nitaeleza nilichojifunza.

Kwa wanyama kama kondoo na ng'ombe, huwezi kukata kijiti ukapanda. Wanasayansi wanachukua seli kutoka kwenye mwili wa mnyama wanayemtaka. Wanachukua yai la jike mwingine na kuliondolea kiini chake, maana kwenye kiini ndimo zilimo jeni karibu zote. Wanaiunganisha ile seli na lile yai kwa mshtuko mdogo wa umeme. Yai likianza kugawanyika, linapandikizwa kwenye tumbo la jike wa tatu, na huyo ndiye anayebeba mimba na kuzaa. Atakayezaliwa atafanana kwa jeni na yule aliyetoa seli.

Kondoo Dolly alizaliwa hivyo tarehe 5 Julai 1996, katika taasisi ya Roslin huko Uskoti. Ndiye mamalia wa kwanza aliyepatikana kutokana na seli ya mnyama mzima aliyekwisha kukomaa. Tazama hesabu yake. Mayai 277 yaliunganishwa na seli. Katika hayo, 29 tu yalifikia hatua ya kupandikizwa. Yakapandikizwa kwa kondoo majike 13. Akazaliwa Dolly, mmoja. Aliishi miaka sita, akazaa wana-kondoo kadhaa kwa njia ya kawaida, na mwaka 2003 akapumzishwa kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Hapa hapa Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, alizaliwa ndume mmoja wa aina ya Boran aliye kloni. Bill Ritchie, mmoja wa wale waliofanya kazi kwa Dolly, alishiriki, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 2016. Lengo la mbali lilikuwa kupata ng'ombe asiyeuawa na nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ndugu zetu wenye mifugo karibu na Shimba Hills kule Kwale wanaijua nagana vizuri kuliko mimi. Ndume huyo walimwita Tumaini.

Sasa, je, haya ni dhambi? Mimi sioni. Katika Mwanzo, Mungu alimpa mwanadamu kazi ya kuitunza bustani na kuwapa wanyama majina. Mkulima anayechomeka kijiti cha muhogo hajaiba kazi ya Muumba, na daktari wa mifugo anayetafuta ng'ombe asiyekufa kwa nagana hajaiiba pia. Hakuna hata mmoja wao aliyeumba seli. Wameipokea na kuihamisha. Tunapaswa kuuliza maswali, ndiyo: wanyama wangapi wanateseka, nani anafaidika, mkulima mdogo atabaki na nini. Hayo ni maswali ya haki, nayo ni ya kila kazi, hata ya kuuza samaki Marikiti.

Tena kuna onyo ambalo muhogo wenyewe unatupa. Kwa kuwa vijiti vyote ni mmea mmoja, ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza shamba zima. Wakulima wa Pwani wanaupenda sana muhogo wa Kibandameno kwa utamu wake, lakini batobato na michirizi ya kahawia huushambulia, na ukikata kijiti kigonjwa unahamisha ugonjwa pamoja nacho. Ndizi ya Gros Michel ilitawala biashara ya dunia mpaka ugonjwa wa Panama ulipoimaliza kwenye mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 makampuni yalikuwa yanahamia aina nyingine. Ndiyo maana watafiti kule Mtwapa, walipotaka mihogo yenye nguvu zaidi kama Tajirika na Shibe, hawangeweza kutegemea vijiti vya zamani peke yake. Aina mpya ya muhogo hutoka kwenye ua na mbegu. Shikeni neno hilo, mbegu, nitalirudia.

Kisichorudi

Lakini nilichotafuta hasa kilikuwa hiki: je, kloni inamrudisha yule wa kwanza?

Tarehe 22 Desemba 2001, katika chuo kikuu cha Texas A&M huko Marekani, alizaliwa paka wa kwanza aliye kloni, wakamwita CC. Sisi watu wa Mombasa paka tunawajua. Ukipita Kibokoni asubuhi utawahesabu mpaka uchoke. Paka aliyetoa seli, Rainbow, alikuwa na rangi tatu, na mojawapo ilikuwa ya machungwa. CC alizaliwa bila rangi hiyo kabisa. Jeni zilikuwa zile zile, lakini mabaka ya paka wa aina hiyo hupangika mtoto angali tumboni, na hayapangiki mara mbili kwa namna moja. Ukiwaweka pamoja, usingesema hata ni ndugu.

Siku hizi matajiri wanalipa karibu dola 50,000 ili mbwa wao aliyekufa atolewe kloni. Mwimbaji Barbra Streisand alifanya hivyo baada ya mbwa wake Samantha kufa mwaka 2017, akapata wawili. Mwenyewe alikiri hadharani kwamba sura alipata, ila tabia za wawili hao ni zao wenyewe. Alilipia Samantha, wakaja wengine.

Basi kama paka hakurudi na mbwa hakurudi, mtu atarudije? Hakuna ushahidi kwamba mtu yeyote amewahi kuzaliwa kwa njia hii. Mwaka 2018 wanasayansi wa China walitangaza kima wawili, kwa hiyo njia haiko mbali sana na sisi kimwili. Umoja wa Mataifa ulipiga kura tarehe 8 Machi 2005 kuzitaka nchi zizuie kloni za binadamu. 84 zikakubali, 34 zikakataa, 37 zikajizuia. Azimio hilo si sheria, na kura zenyewe zinaonyesha dunia haikuwa na sauti moja.

Mimi kama mtu wa biashara naliona hivi. Katika biashara, kufanana ni thamani. Mnunuzi wa ndizi anataka zilingane na ziive wiki moja. Mche usiofaa unautupa, unaandika hasara, unaendelea. Ile hesabu ya 277 kwa mmoja, ukiwa unatafuta kondoo, unaweza kuiandika kwenye kitabu ukapata usingizi. Ukiwa unatafuta mtoto, wale 276 utawaandika wapi? Na yule mmoja aliyezaliwa, ukiona hafanani na uliyemwagiza, utamrudisha dukani?

Hapo ndipo dhambi ilipo, kwa maoni yangu. Haiko kwenye yai wala kwenye umeme. Iko kwenye kumwagiza mtu kama bidhaa, awe wa kujaza nafasi iliyoachwa wazi, na kumpima kila siku kwa kipimo cha mwingine. Na hilo, wapendwa, halihitaji maabara. Shati lililoandikwa jina kwenye kola linatosha. Maneno ya mchungaji kaburini yanatosha.

Hesabu za Ayubu

Nilirudi kwenye Biblia na kalamu, nikafanya hesabu za Ayubu. Sura ya 1 inataja mali yake: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500. Wana saba na binti watatu. Vyote vikapotea siku moja. Sura ya 42 Mungu anamrudishia maradufu: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe, punda 1,000. Sasa tazama watoto. Kama ni maradufu, tungetarajia wana kumi na wanne na binti sita. Lakini Biblia inasema wana saba na binti watatu.

Nimelisikia hilo likihubiriwa kwamba watoto wa kwanza hawakupotea, wako kwa Mungu, kwa hiyo jumla yao ni ishirini. Naamini ni kweli. Ila mimi naona na hili: kondoo wanahesabiwa kwa fungu, na kondoo mpya anaziba pengo la kondoo wa zamani. Mtoto hazibi pengo la mtoto. Ayubu alipata baraka mpya, na wale binti watatu wa pili wanatajwa hata kwa majina: Yemima, Kesia, Keren-hapuki. Lakini hakuna mahali Maandiko yanaposema kwamba wale wa kwanza walirudi, au kwamba Ayubu aliwasahau.

Kwa mama

Nikaenda kumwona mama, chumba chao kule Bondeni. Sikuenda kumkemea. Nilianza kwa kumwomba msamaha kwa maneno yangu ya kaburini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniletea bahasha. Ndani mlikuwa na kitana cha marehemu, bado kina nywele. Akasema, "Pasta, mwanangu alinisomea kile kitabu chake. Nikauliza, hata kwa nywele wanaweza? Nimekaa na hiki kitana usiku nikifikiri. Niambie kama ni dhambi."

Sikuwa na haraka ya kujibu safari hii.

Akaendelea, maana mama huyu Neno analijua: "Hata Hawa alipewa Sethi badala ya Habili. Imeandikwa. Badala."

Wapendwa, alinishika. Imeandikwa kweli, Mwanzo 4:25. Hawa anasema Mungu amemwekea uzao mwingine mahali pa Habili. Nikaomba kimoyomoyo. Kisha nikamwambia, "Ni kweli, mama. Na sikulaumu, maana hata mama wa kwanza duniani alilia hivyo. Lakini hakumwita Habili. Alimwita Sethi. Na akasema mwingine. Habili alikuwa mchungaji wa kondoo, lakini sijasoma popote kwamba Sethi alilazimishwa kuchunga. Ni kwa ukoo wa Sethi Luka anapofuata nasaba mpaka kwa Bwana Yesu. Baraka ile ilipitia kwa Sethi akiwa Sethi."

Akasema, "Lakini mimi namtaka yule."

Hapo hakuna hekima ya kumjibu mtu. Nililia naye. Baadaye nilimweleza kwamba kitana kile, hata kama dunia ingekuwa na mafundi wote, kisingemletea yule. Kingemletea mtoto mchanga asiyewahi kumwona, asiyejua wimbo aliokuwa akimwimbia, na mtoto yule angezaliwa tayari ana deni la kuwa mtu mwingine. "Na mama," nikasema, "mtoto mwenye deni hilo tayari unaye. Yuko hapo nje."

Kwa nini Paulo alichagua mbegu

Sasa nirudie lile neno. Katika 1 Wakorintho 15, watu wanamuuliza Paulo wafu wanafufuliwaje. Anajibu kwa mfano wa shamba. Paulo aliijua habari ya vikonyo na vipandikizi. Katika Warumi 11 anaeleza jinsi tawi la mzeituni mwitu linavyopandikizwa kwenye mzeituni mwema. Angeweza kusema ufufuo ni kama kukata kijiti na kukipanda. Hakusema. Alichagua mbegu, akasisitiza kwamba mbegu haihuishwi isipokufa kwanza, na kwamba unachopanda sio mwili ule utakaotokea. Mungu ndiye anayeipa kila mbegu mwili wake, kama apendavyo.

Kijiti kinakwepa kifo. Kinaendeleza kilichokuwapo, pamoja na magonjwa yake. Mbegu inaingia kaburini kabisa, na kinachotokea kinatoka mkononi mwa Mungu. Ndiyo maana tumaini letu ni tofauti na la yule fahali. Yeye alipewa jina zuri, na kazi yake ni njema. Lakini tumaini la Mkristo aliyefiwa halimo kwenye nywele zilizobaki kwenye kitana, wala kwenye mdogo wa marehemu. Limo kwa Mungu anayemjua marehemu kwa jina lake, na atamwita yeye, sio mfano wake. Tukiamini hivyo, basi walio hai tunaweza kuwaacha wawe wenyewe. Mzazi asiyeamini ufufuo atatafuta nakala. Na mimi mchungaji wenu, siku ile kaburini, nilihubiri ufufuo kwa kinywa, kisha nikatoa nakala kwa mkono.

Kwa hiyo nina ombi kwa kanisa. Matangani na makaburini tuache ile kauli ya "shika nafasi yake." Mdogo wa marehemu naye amefiwa. Mwambie, "Pole. Nasi tuko nawe." Wazazi, waacheni watoto wasome bayolojia bila hofu, kisha mjiulize kama kuna mtoto nyumbani mnayemlea awe kijiti cha mtu: cha marehemu, cha binamu aliyefaulu, au cha ndoto yenu wenyewe iliyokwama. Wahenga walisema kila mtoto huja na sahani yake. Na sisi wahubiri vijana tunaoiga mpaka mikwaruzo ya koo ya wahubiri wakubwa wa runingani, Neno hili ni letu pia.

Mkumbuke Yakobo. Alivaa nguo za kaka yake akapata baraka kwa jina lisilo lake, na baraka ile ikamfanya mkimbizi. Miaka mingi baadaye, kwenye kivuko cha Yaboki, kabla ya kubarikiwa aliulizwa jina lake. Safari hii akasema la kwake.

Mambo nyumbani kwa mama yule hayajanyooka yote. Bado analia, na kitana bado kiko kwenye bahasha, sikumwambia akitupe. Kijana bado anapambana na fizikia, maana mtihani uko karibu na masomo hayabadiliki sasa. Lakini wiki iliyopita mama alipita Mwembe Tayari akanunua shati jipya la shule. Jumapili kijana alinionyesha kola. Mamake ameandika jina kwa wino, na ni jina la yule anayelivaa.

Tuombe. Baba, wewe uliyetufuma tumboni mwa mama zetu, mmoja mmoja, wafariji waliofiwa. Tunza kwako wale tuliowapumzisha, na utufundishe kuwapokea waliobaki kwa majina yao. Utusamehe maneno tuliyoyasema juu ya makaburi bila kufikiri. Katika jina la Yesu, amina.